Kutoka bamvua hadi bamvua

Wete, Pemba, Ijumaa usiku

Ruhusa imetoka. Programu yangu ya saa za maji kupwa na kujaa sasa iko wazi Google Play, na yeyote mwenye simu ya Android anaweza kuitafuta akaipakua. Nilipousoma ule ujumbe nilimpigia shangazi yangu Kiuyu Mbuyuni kabla ya mtu mwingine yeyote, maana bila yeye na wakulima wenzake wa mwani isingetoka. Nataka niandike ilivyokwenda wakati bado nakumbuka vizuri, khasa kile kipande cha majaribio ambacho watengenezaji wengi wa programu wanakilalamikia. Mimi nimetoka nacho na kauli tofauti.

Programu yenyewe ni ndogo. Inamwambia mkulima wa mwani saa za maji kupwa na kujaa kwa siku zijazo, na haili bando, kwa sababu hesabu yote inafanyika ndani ya simu. Maji yanafuata mwezi na jua. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukipevuka linakuja bamvua, maji yanatoka mbali na mashamba yanabaki wazi, na huku kwetu hiyo huwa asubuhi, kwenye saa nne hivi. Baina ya bamvua mbili ni maji mafu, hayatoki vya kutosha, na mkulima anakaa nyumbani. Haya kila mtoto wa pwani anayajua bila simu. Kazi ni kujua wiki mbili kabla kwamba Jumatano ile atashuka majini saa ngapi na atapanda kurudi saa ngapi, ili ajue lini ampeleke mtoto kliniki na lini aahidi kwenda harusini Konde.

Sasa kanuni ya Google Play. Aliyefungua akaunti binafsi ya mtengenezaji baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hawezi kuiweka programu hadharani mpaka kwanza aijaribu faraghani na watu wasiopungua 12, waliojiunga siku 14 mfululizo. Mwanzo walitakiwa 20. Desemba 2024 idadi ikapunguzwa. Kampuni na taasisi zenye akaunti za kitaasisi hazibanwi na sharti hili. Ada ya kufungua akaunti ni dola 25 na unalipa mara moja tu, kwa hiyo kwa kijana anayefanya kazi peke yake fedha si mzigo mkubwa kuliko watu. Utawatoa wapi?

Yapo makundi ambamo watengenezaji wanabadilishana: nijaribie yangu, nikujaribie yako. Wapo hata wanaouza watu wa kujaribu. Siwalaumu, mtu akikwama hushika kinachomfikia. Lakini mimi nilijiuliza, mtu anayekaa mbali na bahari ataniambia nini kuhusu programu ya maji? Ataifungua, ataziona namba, ataifunga. Idadi itatimia na mimi sitakuwa nimejua kitu. Nikaamua watu wangu watakuwa wakulima wenyewe, hata kama itachukua muda.

Ikachukua. Kumjaribisha mtu hakutoshi kumrushia programu kwa Bluetooth kama tunavyorushiana huku. Lazima anwani yake ya Gmail iingie kwenye orodha, afungue kiungo, akubali kujiunga, kisha aipakue kutoka sokoni kwenyewe, yaani Google Play. Tukakaa barazani kwa shangazi, wao wanafunga mbegu kwenye kamba, mimi napokea simu moja baada ya nyingine. Simu ya kwanza niliyoshika ilikuwa na akaunti ya mtoto wa mwenyewe aliyeko Maskati; aliitumia yeye kabla ya kumtumia mama yake. Ya pili akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani siku ilipouzwa, na nenosiri hakuna alijuaye. Nilidhani hapo ndipo nitakapokwama. Kumbe maadamu akaunti bado imo ndani ya simu, nenosiri halihitajiki: unagusa ile picha ya duara pembeni ya Play Store na anwani unaiona. Anayesaidia wazee na simu zao alijue hili, litampunguzia safari. Shida iliyobaki ni ya wale wanaotumia simu moja watu wawili, kwa sababu akaunti moja inahesabiwa mtu mmoja, hata kama vichwa vilivyoinamia kioo ni vinne.

Nilisajili zaidi ya 12 kwa makusudi, na ilifaa, maana mmoja aliuza simu yake katikati na hesabu haikutetereka.

Nilipomweleza shangazi kwamba inatakiwa siku 14 bila kukatika, aliendelea kufunga vikamba vyake, akasema, "Yaani bamvua hadi bamvua." Nikanyamaza kidogo. Kutoka bamvua moja hadi jingine ni siku 14 na saa kama 18. Waliotunga ile kanuni sidhani kama walikuwa na bahari akilini, lakini kwa programu hii walitoa muda unaotosha karibu duru nzima ya maji.

Na katika duru hiyo ndimo nilimojifunza. Bi mmoja mtu mzima, aliyeanza mwani kabla mimi sijazaliwa, aliniita siku za mwanzo tu. "Mwanangu, hii saa nne na nusu unayonambia, hapo maji yashapwa. Nikishuka saa hiyo, kamba mbili tu yananirudi. Mimi nambie nishuke saa ngapi." Vitabu vya maji vinatoa saa ya maji kupwa kabisa, na mimi nilifuata vitabu. Mkulima anashuka maji yakiwa bado yanatoka, anafanya kazi wakati yametulia, anapanda yanapoanza kumpanda magotini. Anachotaka ni mwanzo na mwisho wa kazi. Isitoshe, mashamba hayalingani. La jirani yake liko mbele zaidi, linafunuka baadaye na kufunikwa mapema.

Tukafanya hivi. Mama akirudi kutoka shamba, anaiambia programu saa aliyoshuka siku hiyo. Simu inapiga hesabu ya kimo cha maji kwa saa hiyo, inakishika kuwa ndicho kimo cha shamba lake, na kuanzia hapo kila siku inamtolea saa ya kushuka na ya kupanda kwa shamba lake yeye. Nilisema anaporudi kwa sababu simu haiendi nao majini. Inabaki nyumbani, mara nyingi mkononi mwa mtoto. Ndiyo maana kengele inalia jioni ya siku ya kabla, wakati mama yupo. Kengele ya dakika kamili kwenye Android inataka ruhusa maalumu, na ile inayotolewa bila kumuuliza mwenye simu soko limewaachia programu za saa na kalenda. Sikuiomba. Taarifa ya jioni ikichelewa kidogo hakuna anayedhurika.

Kisha yakaja maji mafu. Programu iliendelea kuonyesha saa za kupwa, sahihi kabisa kwa hesabu, na ujumbe ukaanza kumiminika WhatsApp: namba hizi za nini na siku hizi hatushuki? Kwa mkulima saa hizo hazina maana, na zinaweza kumtoa nyumbani mgeni wa kazi bure. Sasa siku za namna hiyo kioo kinaandika "Maji mafu" kwa herufi kubwa, na chini yake siku zilizobaki kufika bamvua. Lau ningejaribu siku tatu nne za bamvua na kuridhika, hili nisingeliona. Hapa ndipo ninaposimama: kwa programu inayohusu jambo linalozunguka, iwe maji, mvua, mshahara au karo za skuli, muda wa kujaribu usiwe mfupi kuliko duru yake. Kanuni inakupa siku 14. Ikiwa jambo lako linahitaji mwezi, jaribu mwezi.

Makaratasi mengine yalikuwa mepesi. Sera ya faragha inatakiwa hata kama hukusanyi chochote. Fomu ya usalama wa taarifa, nikajibu kweli kwamba hakuna kinachotoka kwenye simu. Dodoso la rika, la kujua programu inafaa watu wa umri gani, lenye maswali ya kamari na damu. Maelezo mafupi yasizidi herufi 80, na hapo nilikaa sana, kwa sababu nilitaka "mwani", "maji" na "Pemba" vyote viingie na bado isomeke kama kauli ya mtu. Ukurasa niliuandika kwa Kiswahili, soko linaruhusu, na picha zake zinaonyesha saa kwa hesabu yetu ya tangu alfajiri.

Majaribio yalipokamilika ukaja mtihani wenyewe, yaani maombi ya kutoka hadharani. Google wanauliza uliwapataje watu, waliitumiaje, walisema nini, ukabadilisha nini. Nikaeleza baraza, kimo cha shamba, maji mafu, simu inayobaki na mtoto. Maswali hayo kwangu yalikuwa na majibu tele, na nadhani aliyekodi watu asiowajua hupata tabu sana mahali hapo. Google wanasema jibu kwa kawaida huja ndani ya siku 7. Langu lilikuja ndani ya muda huo, alhamdulillahi.

Nilipompa shangazi habari alifurahi, akaomba dua, halafu akaniuliza kuhusu wenzake wenye viswaswadu. Ana haki ya kuuliza. Kwenye shamba lake wapo ambao simu zao ni za kupiga na kupokea tu, na kwa sasa yeye ndiye anayewasomea saa kwa mdomo wanapopanda. Saa za wiki nzima zinatosha kabisa katika ujumbe mmoja mfupi, na kimo cha shamba mtu anaweza kukitoa kwa kujibu namba ya saa aliyoshuka. Hesabu ninayo tayari, kilichobaki ni gharama za kutuma kwa wingi. Jumatatu inshaallah nashuka Chake kuulizia.