Mluzi Karibu na Naabi

Kabla ya Februari 2016 sikuwa nimewahi kumpiga picha mnyama mkubwa kuliko mbuzi wa mahari. Kazi yangu Arusha ilikuwa harusi na kipaimara, na kazi hiyo ina amri mbili tu: "Tazama hapa" na "Inua kidevu kidogo." Bibi harusi hutii. Hata mjomba aliyekwisha lewa hutii.

Rafiki mwenye magari ya utalii alinipa kiti kwenye Land Cruiser iliyokuwa ikienda Seronera, katikati ya hifadhi ya Serengeti, kuchukua wageni. Tulikuwa wawili, mimi na dereva, mtu mzima anayekaribia miaka sitini, niliyemwita Mzee.

Tulipopita lango la hifadhi la Naabi nilisimama, kichwa nje ya paa, na lenzi ya milimita 400 niliyoiazima. Simba jike alikuwa amelala kando kabisa ya barabara. Nikapiga kama risasi. Nilipotazama kioo cha kamera nikaona zulia lenye masikio.

"Umempiga kisogo," Mzee akasema. "Shuka."

Akashusha kioo cha dirisha, akaweka juu yake mfuko wa maharage kilo mbili aliokuwa akimpelekea mtu Seronera, akaniambia nilaze lenzi hapo. Kisha akarudisha gari nyuma, mbali na simba. Nilidhani ananikomoa. Lakini kadiri tulivyosogea mbali, ndivyo engo ilivyojinyoosha: sikuwa tena namtazama kutoka juu, nilikuwa karibu usawa wa macho yake. Nyasi za nyuma yake, ambazo toka juu ya paa zilikuwa zimemganda mgongoni, zikakimbilia mbali na kuyeyuka kuwa rangi tupu. Miaka tisa ya harusi nilikuwa nikipanda viti na ngazi.

Duma tulimkuta saa kumi na moja kasoro jioni, juu ya kichuguu, kama mita arobaini kutoka barabarani. Alikuwa na watoto wawili, bado wana yale manyoya ya kijivu mgongoni kama wamevaa mablanketi. Jua lilikuwa nyuma yetu, linampiga usoni. Macho rangi ya asali, na ile michirizi myeusi ya machozi ikishuka hadi mdomoni. Kila kitu kilikuwepo ila kimoja: hakunitazama. Simba angalau hukukagua. Duma macho yake yanapita kwako kama unavyopita mtu kituo cha daladala.

Akashuka kichuguuni, akaanza kuja upande wetu, polepole, tumbo karibu liguse nyasi. Watoto wakabaki. Ng'ambo ya pili ya barabara, nyuma ya gari letu, kulikuwa na swala tomi kama kumi wakila. Mzee alikwisha zima injini. Hakuna aliyepumua.

Sasa uso wake ulijaa kwenye lenzi. Alikuwa ananielekea mimi kabisa, lakini macho yalipita juu ya bega langu, kwa tofauti ya kidole kimoja tu. Kidole kimoja! Nikapiga mluzi. Mfupi, ule ninaomwitia mtoto wa kushika pete.

Akasimama. Akainua kichwa, akanitazama ndani ya lenzi, cheche ya jua katika kila jicho. Nilipata picha sita. Nyuma yangu nikasikia kwato. Swala wote walikuwa wameinua vichwa, wa mwisho akamwona, na kundi likaondoka na mikia yake ikipepea.

Duma hakuwafuata. Aliwatazama wakienda, akageuka kurudi kichuguuni. Watoto walimrukia, wakamnusa mdomo, wakamnusa tena.

"Mwanangu," Mzee alisema baada ya muda mrefu, "hapa si kanisani." Akawasha gari. "Na askari wa hifadhi angesikia, leseni ni yangu, si yako."

Sikuwa na la kujibu. Tulifika Seronera kabla giza halijaingia, hatujasema neno.

Baada ya chakula aliomba kuona. Nikampa kamera nikitarajia, kwa aibu yangu yote, sifa kidogo. Akaikuza ile picha.

"Macho mazuri." Kisha akaweka kidole kwenye sikio. "Masikio haya yamegeukia kwetu. Na kichwa kimepanda juu ya mabega. Hapa ameshaacha kuwinda."

Akarudi nyuma picha moja, ile ya kabla ya mluzi. Nilikuwa nimepanga kuifuta. Kichwa kiko chini, mabega yamechomoza juu yake kama vilima viwili, mguu mmoja wa mbele uko hewani, na macho yanatazama kitu ambacho mwenye kutazama picha hakioni.

"Hii," akasema, akanirudishia kamera, akaenda kulala.

Ile ya mluzi ilinunuliwa mwaka huohuo na hoteli moja ya mjini, ikatundikwa mapokezi. Wageni husimama mbele yake na kupiga picha nayo. Nikipita hapo mimi hutazama masikio.