Kadi za kipaimara kwa mkono: nilivyozifanya usharikani kwetu

Maduka ya kadi katikati ya Nairobi yana kadi za harusi, za kuhitimu, za kuzaliwa na za Siku ya Mama. Ukiulizia ya kipaimara, ibada ambayo kijana huthibitisha imani ya ubatizo wake, unaonyeshwa yenye kofia ya askofu na maneno ya Kiingereza yaliyopakwa dhahabu, na ukisema wewe ni Mlutheri unaulizwa kama huo si Ukatoliki uleule. Siwalaumu wenye maduka. Sisi si wengi mjini hapa, na mfanyabiashara hachapishi kadi za wateja wa kuhesabika. Kwa hiyo akina mama wa usharika waliponiomba nishughulikie kadi za vijana wetu, nilijua nitazikata mwenyewe mezani kwangu Buruburu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa picha ya mbele, na hapo sikuhangaika sana. Waridi la Luther, nembo ya Martin Luther aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, linatosha. Luther mwenyewe alilieleza katika barua aliyomwandikia rafiki yake Lazarus Spengler tarehe 8 Julai 1530: msalaba mweusi ndani ya moyo mwekundu, moyo ndani ya waridi jeupe, waridi juu ya rangi ya bluu ya mbinguni, na kuzunguka yote pete ya dhahabu isiyo na mwisho. Msalaba ni mweusi kwa sababu unaua na unauma, lakini moyo unabaki na rangi yake ya asili, maana msalaba hauuharibu, unauhuisha. Waridi ni jeupe kwa sababu nyeupe ndiyo rangi ya roho na malaika. Nimeona kadi zenye msalaba wa dhahabu juu ya moyo wa rangi ya waridi iliyokolea, eti zipendeze. Zinapendeza kweli, ila mahubiri yote ya barua ile yameshapotea.

Uzuri wa alama hii kwa mtu wa karatasi ni kwamba imeshapangwa kwa tabaka. Unaanza chini na kupanda: duara la dhahabu la sentimita 7, la bluu la sentimita 6.4, waridi la sentimita 5.5, moyo wa sentimita 2.6, kisha msalaba mdogo wa vipande viwili vyembamba. Kazi iko kwenye waridi. Lina petali tano, na duara zima lina digrii 360, kwa hiyo kila petali inachukua digrii 72. Nilichukua bikari na kipimapembe katika seti ya jiometri ya mtoto, nikachora petali moja kwenye kadibodi ngumu, nikaikata, ikawa ndiyo kiolezo cha nyingine zote. Majani madogo ya kijani yanayochungulia kati ya petali nayabandika kwa nyuma, kabla waridi halijakaa juu ya bluu.

Karatasi nainunua River Road na kwenye vichochoro vinavyoteremka kuelekea Nyamakima, walikojazana wachapaji. Mashine zao zikishakata kalenda na mialiko ya harusi hubaki vipande vya pembeni vya karatasi nzuri nzito, ambavyo kwao ni taka na kwangu ni mtaji. Ukienda asubuhi kabla hawajazongwa na wateja, ukaongea kwa adabu, unaweza kupewa kifurushi kwa bei ya soda. Kwa mwili wa kadi natafuta ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Manila ya kawaida ya shuleni inafaa kwa tabaka za juu, lakini kadi nzima ya manila hulegea na kuinama ikisimamishwa juu ya kabati.

Ukubwa niliouchagua ni A6 baada ya kukunjwa, yaani milimita 105 kwa 148. Kipande cha A4 kinatoa kadi mbili bila kupoteza hata ukingo, na bahasha yake, C6, inapatikana kwenye steshenari nyingi. Anza na bahasha ndipo uende kwenye kadi. Anayebuni umbo lake la ajabu atalazimika kutengeneza na bahasha, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Ipinde taratibu kwa upande mmoja, halafu kwa upande mwingine. Upande unaopindika kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wako uwe sambamba nao. Ukikunja kinyume, karatasi nzito hupasuka mgongoni na weupe wa ndani huonekana, hasa kama ni ya rangi. Kabla ya kukunja napitisha rula ya chuma na kalamu ya bairo iliyokwisha wino, nikiikandamiza ili iache mfereji. Hapo kadi hujikunja yenyewe, imenyooka.

Kipaimara chetu kiliangukia msimu wa baridi, na anayeijua Julai ya Nairobi anajua jua linavyosahau kazi yake. Gundi nyeupe ya maji huchelewa kukauka katika hali hiyo, na karatasi ikinywa unyevu hujikunjakunja pembeni. Nikatumia gundi ya fimbo kwa tabaka zote, ile ya maji nikaiachia msalaba tu, tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno. Kila rundo nililifunika kwa karatasi safi na kulilaza usiku kucha chini ya pakiti mbili za unga, zile za kilo mbili. Hakuna kifaa cha dukani kinachozishinda, na asubuhi unapika ugali.

Ndani ya kadi ndimo mlimo na uzito wenyewe. Kwetu kila kijana hupewa andiko lake, mchungaji huwachagulia, na hilo ndilo watakalolikumbuka wakiwa wazee. Ufunuo 2:10, penye ahadi ya taji ya uzima, halikosekani mwaka wowote, na Warumi 1:17 nalo huwa na mtu wake. Niliyaandika kwa mkono, kwa wino mweusi, juu ya mistari ya penseli niliyoifuta baadaye. Yoshua 1:9 ni refu kwa nafasi ya A6. Nilimwomba mchungaji ruhusa ya kuandika nusu yake ya mwisho tu, akasema sawa mradi namba ya mstari iwepo ili kijana afungue Biblia asome zima.

Majina niliyachukua kwa katibu, kama yalivyo kwenye daftari la ubatizo, kisha nikaenda darasani Jumamosi kila mmoja alithibitishe lake. Binti mmoja akaniambia, “Anti, hilo la mwisho siku hizi silitumii.” Nikamwambia azungumze na mamake kwanza, mimi nitasubiri. Alirudi na jibu, jina likabaki.

Baada ya hapo kazi zilinifuata zenyewe, na nikagundua kuwa kalenda ya kanisa inaniamulia zaidi ya nusu. Nyeupe ni ya Krismasi na Pasaka, na kadi za ubatizo nazifanya nyeupe pia, na matone matatu ya bluu juu ya umbo la ganda la kombe la pwani. Zambarau ni ya Kwaresima. Nyekundu ni ya Pentekoste na ya Sikukuu ya Matengenezo, Oktoba 31, kwa hiyo chakavu chote cha moyo wa waridi nakitunza kwa bendera ndogondogo za siku hiyo. Kadi za rambirambi nazifanya za kijivu na msalaba mmoja, basi. Pambo likizidi pale linaudhi.

Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, ndiyo yananifurahisha kuliko yote. Shada la mishumaa tunaloliwasha lilianzia Hamburg mwaka 1839, kwa Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Kilutheri aliyekuwa akilea watoto maskini. Walimuuliza kila siku kama Krismasi imefika, naye akawatengenezea gurudumu la mishumaa, mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za kazi. Sisi pembeni ya shada tunatundika nyota za kusuka. Nyota moja inahitaji vipande vinne vya karatasi nyepesi, upana sentimita 1.5 na urefu sentimita 42, ambao ni urefu wa A3. Vinakunjwa katikati, vinasukwa kama ukili mraba ukaze, kisha ncha zinakunjwa kuwa pembe. Karatasi nzito haifai hapa hata kidogo, pembe zinafumuka.

Nyota hizo sasa zinasukwa na watoto wa shule ya Jumapili. Vidole vyao ni vyembamba na hawachoki upesi, na wakubwa kati yao wameanza kuwafundisha wadogo bila mimi. Nimebaki na kukata vipande, na kumkumbusha mwekahazina kabla Novemba haijaisha kwamba uzi wa kutundikia nao hununuliwa.