Upepo wa Lamu na Gridi ya Taifa

Sisi wa Lamu tumeishi kwa upepo tangu zama ambazo majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni na kurejea na kusi, na ndiyo maana nimeufuatilia kwa hamu mpango wa kusimamisha mitambo ya upepo huko Baharini, upande wa Mpeketoni, uliokusudiwa kuingiza megawati 90 katika gridi ya taifa. Nauunga mkono mpango huo kwa moyo wangu wote, ila kwa sharti moja ambalo nitalieleza.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nguvu inayobebwa na upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nane. Chini ya mita tatu au nne kwa sekunde mtambo hauzalishi kitu, na upepo ukizidi takriban mita 25 kwa sekunde mtambo hujizima wenyewe ili mapanga yasivunjike. Kwa hiyo miezi ya Juni na Julai, kusi inapochachamaa hadi wavuvi wetu wakalazimika kuziacha mashua ufukoni, huo ndio wakati ambao mitambo ingevuna vizuri zaidi. Tangambili ikifika, pepo zikawa hazina msimamo, mavuno yatapungua, na gridi italazimika kuegemea mvuke wa ardhini wa Olkaria na maji ya mabwawa ya Mto Tana. Hapa pana uzuri ambao watu hawauzungumzii vya kutosha: kusi inapovuma, bwawa la Masinga linaweza kuhifadhi maji ambayo yangetumika kuzalisha umeme, yakasubiri siku za shwari.

Njia ya kuusafirisha umeme huo ipo. Zamani mji wetu ulitegemea jenereta za dizeli, lakini sasa umeunganishwa na laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Hilo si jambo dogo. Kule Loiyangalani, kwenye mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini ilingoja hadi Septemba 2018 kwa sababu laini ya kwenda Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekamilika.

Chumvi nayo isidharauliwe. Tazama bawaba za madirisha ya nyumba zinazoelekea baharini, jinsi kutu inavyozila hadi zikameguka kama biskuti, ukigusa kidogo tu dirisha linabaki mkononi. Mitambo ya pwani hupakwa rangi maalumu, na vyumba vya mashine zake huzibwa ili hewa yenye chumvi isipenye. Gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo.

Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ya kitaifa ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilichotakiwa kujengwa Kwasasi, na wengi wetu tulifurahi kwa ajili ya mikoko na uvuvi. Aliyekataa makaa kwa haki hiyo, nadhani, ana wajibu wa kusema anataka nini badala yake. Mimi nataka upepo.

Sharti langu ni ardhi. Mahakama ya Meru iliamua mwaka 2021 kwamba hati za ardhi ya mradi huo wa Ziwa Turkana hazikupatikana kwa njia halali, ilhali mitambo ilikuwa imekwisha kuzunguka miaka kadhaa. Lamu, ambako familia nyingi hulima mashamba ya mababu bila hati, kosa hilo litaumiza zaidi. Kabla ya kuchimbwa msingi hata mmoja, mipaka ipimwe mbele ya wenye mashamba, na mkataba, pamoja na kiwango cha fidia na kodi ya kila mwaka, uandikwe kwa Kiswahili na usomwe barazani, mbele ya wanaume kwa wanawake, kisha wapewe muda wa kwenda kushauriana nyumbani kabla ya kutia sahihi.