Siku aliyozikwa Bi Kidude

Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Kwa hiyo Alhamisi ile ya tarehe 18 Aprili 2013 wanaume wa mtaa wetu wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, waliondoka kwenda kumzika Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na mchezaji wa wari wa unyago, sisi tukabaki kwa bibi yangu, mikeka imetandikwa na redio inazungumza. Redio ilikuwa ikitaja tuzo yake ya WOMEX, ya muziki wa dunia, ya mwaka 2005 na nchi alizokwenda kuimba. Bibi akaipunguza sauti.

"Hayo ya Ulaya wanayajua wenyewe," akasema. "Mimi kanicheza yeye."

Hapo ndipo siku ilipoanza. Kila mzee aliyekuwapo akataja somo wake, yaani aliyemcheza unyagoni: huyu alichezwa kabla ya Mapinduzi, yule baada, dada yake akiwa mwari siku hiyohiyo. Ya ndani ya unyago siyatoi hapa, na mengi sikuyasikia, maana kila mazungumzo yalipokolea nilitumwa dukani. Lakini msondo waliueleza waziwazi: ngoma ndefu ile, Bi Kidude akijifunga nayo kiunoni kwa kanga, akiipiga kwa kusimama mpaka alfajiri, na wenzake wenye nusu ya umri wake wameshakaa chini.

Jirani mmoja, mkubwa kuliko wote, hakupenda Siti binti Saad asahauliwe. Alikuwa na haki. Siti alitoka Fumba, binti wa mfinyanzi, akiuza vyungu; mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, kwa Kiswahili, wakati taarabu ya jumba la sultani ilikuwa ya Kiarabu. Kuna wimbo wake juu ya mwanamke aliyeuawa: muuaji akavuka bara, mahakama ikawafunga wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Jirani aliuimba wote, akikohoa kati ya beti. Mimi shuleni nilikariri masultani kwa zamu zao, Said, Majid, Barghash, na kesi ile sikupata kuisikia hata siku moja.

"Na Kidude kazipata wapi nyimbo?" jirani akauliza. "Kwa Siti. Mtoto wa muuza nazi kachukua kwa muuza vyungu."

Nikachukua daftari langu la chuo nikaanza kuandika nani alichezwa na nani. Majina yalikuja upesi. Miaka ndiyo iliyonishinda. Mwenyewe Bi Kidude hakuujua mwaka aliozaliwa, alisema tu ni zama za rupia.

"Bibi, wewe niandike mwaka gani?"

"Andika mwaka wa karafuu nyingi."

"Nyingi wapi?" jirani akadakia. "Mwaka ule mikarafuu haikutoa hata pishi!"

Wakabishana, huyu akitaja harusi, yule akitaja mvua iliyobomoa ukuta, mpaka wanaume wakarudi wakitaka chai na kutuhadithia viongozi gani waliwaona mazikoni. Bibi aliwaambia wasubiri, karafuu hazijamalizika.