Jina la bibi kwenye daftari

Leo niko kijijini kwetu, huku Usukumani. Nimepita ofisi ya kijiji kuchukua barua ya utambulisho. Mtendaji akasema, "Subiri kidogo, natafuta mhuri."

Kabati likafunguka, likatoka vumbi na daftari kuukuu: MAKTABA YA KIJIJI, WAAZIMAJI.

Kumbe tuliwahi kuwa na maktaba!

Wakongwe mtakumbuka. Mradi wa kisomo ulianza Kanda ya Ziwa 1968, Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vijijini vikaletwa vitabu ili ngumbaru wasisahau kusoma. Maktaba yetu ilikuwa kabati hilohilo. Siku hizi linatunza stakabadhi za michango.

Nikapekua. Kurasa za mwanzo dole gumba tupu. Halafu, kwa penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka, jina la bibi mzaa mama.

Kitabu: kilimo cha pamba.

Safu ya "kimerudishwa" iko wazi 😂

Nimecheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Barua nimeisahau palepale mezani.

Kwenu je, maktaba ilikuwepo? Vitabu viliishia wapi?