Nusu kidonge ndani ya redio

Jana mwanangu alifungua redio ya babu yake atie betri. Kikadondoka kitu. "Mama, hii ni bombo ya kumumunya?" Ilikuwa nusu ya kidonge cha buluu, imekatwa kwa wembe, kingo zimeanza kumong'onyoka. Nilimpokonya kwa haraka hata akashtuka.

Levodopa miligramu 250, kabidopa 25: dawa ya Parkinson ya Papa, baba yangu. Ningekitambua gizani.

Papa alipaswa kumeza vinne kwa siku, yaani miligramu 1,000 za levodopa. Vidonge 120 vya mwezi mzima vikaanza kuisha kwa siku kumi na moja. Vingine alikuwa akinunua mwenyewe kwenye farmasi moja ya Kadutu, hapa Bukavu, bila karatasi ya daktari. Mimi ni muuguzi, na hesabu hiyo nilichelewa kuifanya.

Usiku mmoja, saa nane, nilisikia vyuma vikigongana sebuleni. Umeme haukuwepo. Papa alikuwa ameketi sakafuni kando ya taa ya sola, redio tatu zimefumuliwa mbele yake. Skrubu alizipanga kwenye sahani kwa ukubwa, ndogo upande huu, kubwa upande ule. Akimaliza anazichanganya na kuanza upya. Hakuna redio aliyokuwa akiitengeneza. Shingo, mabega na mikono vilipindapinda bila kutulia, jinsi mwili unavyofanya levodopa ikizidi. Akaniangalia kwa macho ya kuomba: "Nipe kimoja tu, mama. Nimekauka."

Mtu ambaye viungo vyake havitulii anasema amekauka! Hapo ndipo nilipoelewa. Mgonjwa wa Parkinson kuihitaji dawa si ulevi. Bila dawa miguu inaganda. Lakini Papa hakuidai kwa ajili ya miguu. Ugonjwa huu hula kwanza sehemu ya ubongo inayoendesha mwendo, na ile ya hamu na raha huisha taratibu zaidi. Kipimo kinachoitosha miguu kinaweza kuifurika hamu. Dawa yenyewe nusu yake hupungua damuni kwa takriban saa moja na nusu, na kila inaposhuka, woga na huzuni vinapanda.

Kulipokucha nikavifungia vidonge vyote sandukuni. Niliona namnyang'anya mlevi chupa.

Siku ya pili homa ilifika 39.8. Alikuwa mgumu kama ubao, jasho linamtiririka, anazungumza na marehemu mama, mkojo rangi ya chai. Hospitalini daktari aliniuliza jambo moja tu: "Mulikata ghafla?" Wakasaga vidonge, wakavipitisha na maji kwenye mpira wa puani, wakamtundikia dripu. Levodopa haikatwi ghafla, hata kwa anayeitumia vibaya. Inaweza kuua. Nilikuwa nimesoma hivyo shuleni.

Baadaye tulishusha nusu kidonge kila baada ya siku chache, mpaka tukafika nusu moja kila saa tatu: kidogo kidogo, isipande sana wala isianguke sana. Nilimpa nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa protini ya maharage na sambaza, vile visamaki vya ziwani, hupigania na levodopa mlango uleule wa kuingilia damuni. Ufunguo nikauvaa shingoni. Papa hakugomba tena. Tuliishi hivyo miaka mitatu.

Jana usiku nilikiweka kile kipande mezani nikakitazama muda mrefu. Kabla ya hospitali Papa alimeza vidonge vizima. Kukata kwa wembe nilianza mimi, baada ya pale. Basi nusu hii nilimpa kwa mkono wangu, naye hakuimeza. Aliificha shavuni, akavumilia kuganda zile saa tatu, ili abaki na akiba. Na zilikuwepo asubuhi ambazo hakuweza kuinuka kitini, nami nikamgombeza kwamba ananichelewesha kazini.

Ile ilikuwa asubuhi ipi? Mtoto ameniuliza mara mbili kwa nini redio haijarudi mahali pake.