Ukurasa Nilioupita Mbio

Nilikuwa na miaka 19 dada yangu aliponiazima Maus, riwaya ya picha ambamo Art Spiegelman anasimulia masaibu ya baba yake, Vladek, Myahudi wa Polandi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Nilijua kwamba mwaka 1992 kazi hiyo ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer, lakini nilidhani iliheshimiwa kwa ajili ya mada yake tu, kwani tangu utotoni niliamini kuwa hadithi za michoro ni za watoto. Juzuu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1986, niliisoma kama mtu apitiaye gazeti, macho yakiruka kutoka kiputo kimoja cha maneno hadi kingine, na jioni ileile nikairudisha.

"Umeshamaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza, dada. Inasikitisha, ila maneno ni machache mno. Angeiandika kwa nathari ingekuwa na uzito zaidi."

Hakubishana nami. Alifungua mahali ambapo Vladek na mkewe Anja, wakiwa wamekosa pa kujificha, wanatembea kuelekea mji wa Sosnowiec, kisha akayafunika maneno kwa kiganja.

"Haya, mdogo wangu, niambie wanapita wapi."

"Njiani."

"Njia gani?"

Niliinama kutazama. Wayahudi katika kitabu kile wamechorwa kama panya na Wajerumani kama paka, na hapo palikuwa na panya wawili wadogo, wametupa mgongo, mbele yao njia panda. Nilifuata tawi moja kwa kidole, likapinda. Nikafuata la pili, nalo likapinda vilevile, na kidole kikasimama chenyewe, kwa sababu matawi yote manne yalikuwa yameunda swastika, msalaba uliopinda ncha ambao ni alama ya Wanazi. Maneno yalisema kwamba hawana pa kwenda. Mchoro ulisema kwamba popote watakaposhika, watakuwa wamo mikononi mwa Wanazi, na jambo hilo halikutamkwa na kiputo chochote.

Dada alinionyesha pia ukanda mweupe unaotenganisha fremu, akasema kwamba yanayotokea humo huundwa na msomaji mwenyewe, na anayekimbia haundi kitu. Nadhani hilo ndilo lililonigusa zaidi, maana nilikuwa nimemlaumu mwandishi kwa uchache ambao kwa kweli ulikuwa wangu.

Nilimwomba kitabu tena. Safari hii niliona jinsi Vladek, anapojifanya Mpolandi ili asikamatwe, anavyovaa barakoa ya nguruwe, kwani ndivyo Wapolandi walivyochorwa humo, na jinsi kamba ya barakoa hiyo inavyoonekana imefungwa kisogoni. Mwandishi wa nathari angehitaji aya nzima kueleza hofu ya mtu anayeweza kutambuliwa wakati wowote. Hapa ilitosha kamba moja, nami mara ya kwanza sikuiona kabisa. Saa sita ya usiku ilinikuta bado sijaifikia ile njia panda.